SOMO LETU: BANDO LA LAPTOPU YA TAWI – TUPIME KABLA YA KUNUNUA



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya kusoma hati ya mshahara na juu ya kutunza daftari la michango. Somo la leo linatoka katika mambo hayo hayo, maana nalo ni la fedha za wanachama. Tunataka kuzungumzia gharama ya intaneti ya simu inayotumiwa na laptopu ndogo, ile kompyuta ya kukunja ambayo matawi mengi sasa yameinunua au yanafikiri kuinunua.

Wengi wetu tukinunua laptopu huangalia bei ya mashine tu. Mashine hulipiwa mara moja. Intaneti hulipiwa kila mwezi, na mwisho wa mwaka wa pili huenda intaneti ikawa imekula fedha nyingi kuliko mashine yenyewe. Ni kama baiskeli ambayo kila mwezi inataka tairi mpya. Kwa hiyo, mwenye busara huuliza habari za tairi kabla hajalipia baiskeli.

1. YALIYOTUPATA

Yafaa tuanze kwa kueleza yaliyotupata sisi wenyewe, ili msifikiri tunafundisha kitu tusichokionja.

Tawi letu ni la wafanyakazi wa shamba la miwa na kiwanda chake. Baada ya majadiliano marefu, mkutano mkuu ulikubali tununue laptopu ndogo iliyokwisha kutumika, kwa fedha za mfuko wa tawi. Mwezi wa kwanza kamati ilinunua bando la mwezi la GB 10 kwa shilingi 30,000. Tulidhani litatosha mwezi mzima na kubaki. Siku ya nne asubuhi katibu alifungua mashine ili apeleke barua makao makuu, akakuta bando limekwisha.

Hapo maneno yakaanza. Mweka hazina alisema katibu amekuwa akitazama mpira usiku. Katibu alikasirika, akasema yuko tayari kurudisha ufunguo wa ofisi. Wanachama wa upande wa shamba walisema fedha zao zinaliwa na watu wa kiwandani wanaokaa karibu na ofisi. Kwa sababu ya shilingi 30,000, tawi lililosimama imara katika majadiliano ya mishahara lilianza kupasuka.

Mzee mmoja wa idara ya mitambo ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Mita ya maji ikisoma kubwa, hatumkamati jirani kwanza. Tunatafuta bomba linalovuja." Tulimwita kijana mwenye ujuzi, akatuonyesha kwamba laptopu yenyewe ina mahali inapoandika hesabu ya data, programu moja moja, kwa siku 30 zilizopita. Tuliandika tulichokiona ubaoni mbele ya wote:

– Mashine kujirekebisha yenyewe, yaani kuvuta marekebisho ya mfumo wake: GB 6.2.
– Programu ya kunakili picha na faili kwenda kwenye ghala la mbali, iliyokuwa imewashwa bila sisi kujua: GB 1.8.
– Programu ya kufungulia kurasa za intaneti: GB 2.0.

Katika hizo GB 2.0 za mwisho, tulitazama orodha ya kurasa zilizofunguliwa. Tukakisia kwamba GB 1.25 hivi zilikuwa za mpira kweli, na GB 0.75 zilikuwa kazi ya chama. Katibu alikiri juu ya mpira. Kisha akaongeza kwamba siku ile mweka hazina alikuwa ameketi kiti cha mbele. Watu walicheka, na mkutano ukapoa.

Lakini hesabu haikuwa ya kuchekesha. Kwa shilingi 30,000 tulipata GB 0.75 tu za kazi ya chama. Gawanya 30,000 kwa 0.75, utapata 40,000. Yaani kila GB moja ya kazi halisi ilitugharimu shilingi 40,000, ijapokuwa kwenye tangazo la kampuni ilikuwa shilingi 3,000. Hapo ndipo tulipoamua kujifunza jambo hili tangu mwanzo.

2. KWA NINI TAWI LIWE NA INTANETI

Kabla ya kupima gharama, lazima kupima haja. Kitu kisicho na kazi ni ghali hata kikiuzwa kwa senti tano.

Sisi tuliorodhesha kazi tano. Ya kwanza ni kupeleka barua na fomu makao makuu ya chama na kupokea majibu. Ya pili ni kuwasaidia wanachama kutazama taarifa zao za NSSF. Ya tatu ni kusoma sheria, matangazo ya serikali na habari za bei ya sukari kabla ya kukaa mezani na mwajiri. Ya nne ni mikutano na matawi mengine kwa sauti. Ya tano ni marekebisho ya usalama ya mashine.

Kazi ya pili yataka maelezo kidogo, maana ndiyo inayogusa kila nyumba. Hapa Uganda mchango wa NSSF ni asilimia 15 ya mshahara: asilimia 5 hukatwa kwa mfanyakazi, na asilimia 10 hutolewa na mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 250,000 anapaswa kuwekewa shilingi 37,500 kila mwezi. Hati ya mshahara huonyesha kwamba umekatwa. Haionyeshi kwamba fedha zimefika kwenye mfuko. Hilo utalijua kwa kutazama taarifa ya mfuko wenyewe.

Mama mmoja wa kikosi cha palizi, aliyeajiriwa kupitia kwa mkandarasi, alikuja ofisini tumtazamie taarifa yake. Tulikuta miezi mitatu haimo. Miezi mitatu kwa mshahara kama huo ni shilingi 112,500. Tulichapa taarifa, tukaambatanisha hati zake za mshahara, tukaandika barua. Madai yalisikilizwa na fedha ziliwekwa. Kutazama taarifa ile kulikula MB zisizofika 5. Basi msiseme intaneti ni anasa ya vijana. Ikitumiwa kwa kazi yake, ni chombo kama panga au spana.

3. VIPIMO: MB, GB NA KASI

Miwa hupimwa kwa tani, sukari kwa kilo. Data hupimwa kwa baiti. Baiti 1,000 ni KB 1, KB 1,000 ni MB 1, na MB 1,000 ni GB 1. Wengine huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, lakini kwa hesabu zetu za tawi 1,000 yatosha.

Ili vipimo hivi vipate sura, tazameni mifano hii:

– Barua ya maneno matupu ya ukurasa mmoja: KB chache tu.
– Picha moja ya simu ya siku hizi: MB 2 hadi 5.
– Mkutano wa sauti peke yake kwa saa moja: chini ya MB 100.
– Mkutano wa watu wengi wenye picha za video, saa moja: tangu MB 800 hadi kupita GB 2.
– Video ya kutazama, saa moja: karibu MB 300 kwa picha hafifu, karibu MB 700 kwa picha ya kati, na hadi GB 3 kwa picha safi sana.

Tazameni mstari wa kwanza na wa mwisho. Kwa data ya saa moja ya video safi, tawi lingeweza kupeleka barua za miaka mingi. Maneno ni mepesi kama pamba, na video ni nzito kama shehena ya miwa mibichi.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji hukipenda, nacho ni kasi. Kasi hutajwa kwa megabiti kwa sekunde. Angalieni: ni biti, wala si baiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kasi ya megabiti 8 kwa sekunde huleta MB 1 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo GB 1 huisha kwa sekunde 1,000, yaani dakika 17 hivi. Muuzaji akikuambia "huu ni mtandao wa kasi kubwa," anakuambia ukubwa wa bomba. Hajakuambia ukubwa wa pipa. Ukinunua bomba kubwa na pipa dogo, utafurahi kwa dakika 17.

4. KWA NINI LAPTOPU HULA KULIKO SIMU

Mwanachama mmoja alituuliza: "Mimi simu yangu natumia MB 500 kwa wiki. Kwa nini laptopu ile ile kazi imalize kwa siku moja?" Swali zuri. Sababu ni nne.

Kwanza, simu inajua kwamba data inalipiwa kwa kipimo, na kwa hiyo mambo mengi mazito hungojea. Laptopu ikiunganishwa kwa simu au modemu ndogo, mara nyingi hudhani iko kwenye waya wa ofisi usio na kipimo. Huanza kuvuta marekebisho bila kuuliza.

Pili, marekebisho yenyewe ni makubwa. Mashine zinazotumia mfumo wa Windows huletewa marekebisho ya kawaida kila mwezi, Jumanne ya pili. Mara nyingi huwa mamia ya MB. Yakija mabadiliko makubwa ya mfumo mzima, huwa GB kadhaa. Laptopu iliyokaa dukani muda mrefu bila intaneti, siku ya kwanza ikionja mtandao hunywa kama ng'ombe aliyetoka safari ya ukame. Ndiyo yaliyotupata sisi.

Tatu, kurasa za intaneti hutuma sura nzito kwa kioo kikubwa. Ukurasa ule ule ambao simu huupokea kwa umbo jepesi, laptopu huupokea pamoja na picha kubwa na matangazo yanayocheza yenyewe.

Nne, kuna programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia: za kunakili faili, za kuhifadhi picha, za kujifungua zenyewe mashine inapowashwa.

Dawa ya mambo haya haiuzwi. Katika mipangilio ya mtandao ya laptopu pana alama ya kuiambia kwamba muunganisho huu ni wa kulipia kwa kipimo. Iwekeni. Pia zimeni programu ya kunakili faili, na zuieni video zisianze zenyewe. Lakini msizime marekebisho ya usalama milele, kwa maana mashine isiyorekebishwa ni nyumba isiyo na komeo, na ndani mna majina na namba za wanachama. Yapangieni siku, yaingie kwenye bajeti. Na kabla ya kununua mashine ya zamani, ulizeni kama mfumo wake bado unaletewa marekebisho. Windows 10, kwa mfano, ilifika mwisho wa utunzaji wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

5. BEI YA TANGAZO NA BEI YA KAZI

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe. Shikeni kalamu.

Kwanza tulipima haja ya mwezi, kazi zile zile tano:

– Barua na fomu: MB 150.
– Taarifa za NSSF, wanachama 60 kwa MB 3 kila mmoja: MB 180.
– Kusoma sheria, matangazo na habari za bei: MB 400.
– Mikutano miwili ya sauti, MB 60 kila mmoja: MB 120.
– Marekebisho ya usalama: MB 600.

Jumla ni MB 1,450. Tukaongeza akiba ya dharura, tukapata GB 2 kwa mwezi.

Kisha tuliandika bando zinazouzwa. Bei tunazoweka hapa tumezikata ziwe namba rahisi za kufanyia somo. Makampuni hubadilisha bei mara kwa mara, basi kila tawi liweke bei za mahali pake.

(a) Bando la siku: MB 500 kwa shilingi 2,500. Bei ya tangazo ni shilingi 5,000 kwa GB.
(b) Bando la wiki: GB 2 kwa shilingi 8,000. Bei ya tangazo ni 4,000 kwa GB.
(c) Bando la mwezi: GB 10 kwa shilingi 30,000. Bei ya tangazo ni 3,000 kwa GB.
(d) Bando lisilo na mwisho wa siku: GB 3 kwa shilingi 18,000. Bei ya tangazo ni 6,000 kwa GB.

Mtu akitazama orodha hii upesi atasema (c) ndilo rahisi na (d) ndilo ghali. Sisi pia tulisema hivyo mwezi wa kwanza. Lakini haja yetu ni GB 2, na kazi zetu huja kidogo kidogo kila wiki. Tuhesabu tena kwa kazi, tuache tangazo.

Bando la mwezi: tunalipa 30,000, tunatumia GB 2, GB 8 zinakufa mwisho wa mwezi. Bei ya kazi ni shilingi 15,000 kwa GB.

Bando la wiki: kazi huja kila wiki, kwa hiyo twahitaji bando nne, shilingi 32,000. Tunatumia zile zile GB 2. Bei ya kazi ni 16,000 kwa GB.

Bando la siku: tukifungua ofisi Jumamosi nne tu, tunalipa 10,000 na kupata GB 2 kamili. Bei ya kazi ni 5,000. Lakini hakuna akiba hata kidogo, na mwanachama akisimamishwa kazi siku ya Jumatano hatuwezi kumwambia angojee Jumamosi. Tukifungua mara mbili kwa wiki, ni bando nane, shilingi 20,000, na bei ya kazi ni 10,000.

Bando lisilo na mwisho: GB 3 kwa matumizi ya GB 2 kwa mwezi hudumu mwezi mmoja na nusu. Gharama ya mwezi ni shilingi 12,000. Bei ya kazi inabaki 6,000, kwa sababu hakuna kinachokufa.

Mmeona, ndugu? Lile lililokuwa ghali kuliko yote kwenye tangazo limekuwa la pili kwa urahisi katika kazi, na ofisi inaweza kufunguliwa siku yoyote. Lile lililokuwa rahisi kuliko yote limekuwa karibu la mwisho. Kanuni ya somo hili ni moja, iandikeni: Gawanya fedha ulizolipa kwa data uliyotumia kwa kazi, usigawanye kwa data uliyouziwa.

Sisi tulichagua (d). Kutoka 30,000 tumeshuka hadi 12,000 kwa mwezi. Akiba ni 18,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 216,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Kanuni hii haisemi kwamba bando kubwa ni baya kila mahali. Tawi lenye darasa la kompyuta, ambalo kwa kweli linatumia GB 9 kwa mwezi, likinunua lile la GB 10 litalipa kama shilingi 3,300 tu kwa GB. Kila mguu na kiatu chake.

6. MODEMU, SIMU AU DUKA LA INTANETI?

Intaneti huingia kwenye laptopu kwa njia tatu hasa.

Njia ya kwanza ni simu ya mkononi kugawa mtandao wake. Haina gharama ya kifaa. Taabu yake ni kwamba simu ni ya mtu. Bando la tawi likiwa ndani ya laini ya katibu, nani atajua kilichotumiwa na tawi na kilichotumiwa na watoto wa katibu? Si kwamba tunamshuku. Tunamlinda asishukiwe. Mkitumia njia hii, nunueni laini ya tawi peke yake, iandikishwe kwa utaratibu, na iwekwe kwenye simu ya ofisi.

Njia ya pili ni modemu. Tuseme inauzwa shilingi 80,000 na itadumu miezi 24. Gawanya, utapata kama shilingi 3,333 kwa mwezi. Fedha hizo lazima ziongezwe juu ya bando, wala zisisahauliwe. Kabla ya kununua, jaribuni mtandao pale pale ofisini. Kambi nyingi za mashambani ziko bondeni, na kampuni inayopatikana vizuri mjini huenda isifike kambini. Ombeni laini za makampuni mawili au matatu kwa wanachama, mpime kwa siku kadhaa, mchana na usiku.

Njia ya tatu ni duka la intaneti mjini. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 4,000, na saa mbili za duka ni 4,000. Mara nne kwa mwezi ni shilingi 32,000, na siku nne za mtu zimepotea. Tena, mashine ya duka ni ya kila mtu. Msiache hati ya mwanachama ndani yake.

7. FEDHA YAKO HUENDA WAPI

Wafanyakazi hupenda kujua bei inaundwaje, na ni haki yao.

Intaneti yetu hutoka baharini. Kabla ya mwaka 2009 nchi za Afrika Mashariki zilitegemea zaidi setilaiti, kwa bei kubwa sana. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu, na mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Uganda haina bahari, kwa hiyo mawasiliano hutembea nchi kavu kupitia majirani zetu, hasa Kenya, mpaka yafike kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika huko kusini, nchi nyingi za Afrika Mashariki ziliona mtandao ukilegea au kupotea. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mtandao ukikosekana, siku za bando la wiki zinaendelea kuhesabiwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda bando lisilo na mwisho, na ya kuweka nakala za karatasi.

Jambo la pili ni kodi. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mwenye kutumia mitandao ya kijamii. Kwa siku 30 ilikuwa shilingi 6,000, sawa kwa meneja na kwa mkata miwa. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, isipokuwa data ya huduma za matibabu na elimu. Juu yake ipo VAT ya asilimia 18. Tukihesabu ushuru kwanza na VAT baadaye, katika bando letu la shilingi 12,000 kwa mwezi, karibu shilingi 9,080 ni za kampuni na karibu 2,920 ni kodi. Wanachama wakijua hesabu hii, wanaweza kuisema mbele ya wabunge wanaowakilisha wafanyakazi kwa namba, badala ya kunung'unika.

8. MFANYAKAZI MMOJA MMOJA

Wengine wametuuliza kama wanunue laptopu ya nyumbani kwa ajili ya watoto. Hatuwezi kumwamulia mtu, lakini kipimo kipo. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka shabaha mwaka 2018 kwamba ifikapo 2025 huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa mapato ya mtu kwa mwezi. Kumbukeni, wastani ule ni wa nchi nzima, wala si mshahara wako. Upime kwa mshahara wako mwenyewe. Asilimia 2 ya 250,000 ni shilingi 5,000. Kwa bei ya 6,000, hata GB moja imekwisha kuvuka mstari.

Kwa hiyo, msiingie deni la mashine kwa mkopo wa kukatwa mshahara kabla ya kuongeza bando kwenye hesabu. Laptopu isiyo na bando bado yaweza kufanya kazi: kuandika, kuhesabu, kusoma vitabu vilivyoletwa kwa kifaa cha kuhifadhia faili. Nyumba nne za jirani zikishirikiana bando moja kwa daftari moja, kila nyumba italipa robo. Ushirika tuliouzoea katika kukoboa mahindi na kuchimba kisima wafaa hapa pia.

9. KANUNI TULIZOJIWEKEA

Baada ya mambo yote haya mkutano wetu ulipitisha kanuni sita:

(i) Bando hununuliwa na watu wawili, na risiti au ujumbe wa malipo huandikwa daftarini siku hiyo hiyo.
(ii) Kila anayetumia laptopu huandika jina, kazi aliyofanya, salio la data alipoanza na alipomaliza.
(iii) Video za mchezo haziruhusiwi kwa bando la tawi. Wanaotaka mpira wachange bando lao.
(iv) Marekebisho ya mashine hufanywa mara moja kwa mwezi, katibu na mjumbe mmoja wakiwapo.
(v) Siri za wanachama hazitazamwi na asiyehusika. Mwanachama mwenyewe awepo taarifa yake inapofunguliwa.
(vi) Hesabu ya data husomwa katika mkutano wa kila mwezi, pamoja na hesabu ya michango.

Tangu kanuni hizi zianze, hatujasikia tena neno la kushukiana. Katibu amebaki na ufunguo wake. Mweka hazina ndiye sasa anayeandika salio ubaoni, na kila mwezi huwauliza wanachama wa shambani waje walisome kwa macho yao. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo kabla ya intaneti, na bado ni kweli.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA TAWINI

1. Orodhesheni kazi za tawi lenu zinazohitaji intaneti. Ni zipi ambazo zingeweza kufanywa kwa barua au simu ya kawaida?
2. Pimeni haja yenu ya mwezi kwa MB. Mmetumia namba gani, na kwa nini?
3. Chukueni bei za bando tatu mahali penu. Tafuteni bei ya tangazo na bei ya kazi ya kila moja. Je, zimepishana?
4. Bando likiisha kabla ya siku zake, tawi lenu litatafuta vipi chanzo bila kumlaumu mtu kwanza?
5. Wanachama wangapi wa tawi lenu wametazama taarifa zao za NSSF mwaka huu? Panga siku ya kuwasaidia waliobaki.

Matawi yatakayofanya hesabu hizi yatuletee majibu kupitia kwa makatibu wao, ili wenzetu wa mashamba na viwanda vingine wafaidike.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu ya Tawi